Mguu ulicheza, lakini yeye hakuuambia ucheze

Mama mkubwa ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anamgeuza mdogo wangu, aliyepooza miguu baada ya kuanguka mnazini, alalie ubavu wa kushoto, ile zamu ya saa nne usiku, mara mguu wa kulia ukajikunja ghafla, goti likapanda juu, ukatetemeka pale kidogo halafu ukanyooka wenyewe. Akapiga kelele. "Amecheza mguu! Mwanangu amecheza mguu!" Shangazi akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, jirani akapiga vigelegele hata hajajua kinachoshangiliwa ni nini, na mi nikajikuta nalia.

Mwenyewe alikuwa kimya.

Aliutazama ule mguu muda mrefu, halafu akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mi sijafanya kitu."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki zote hizi. Nikiwa kwenye daladala nayafikiria, nikiosha vyombo nayafikiria. Kama si yeye aliyeuchezesha, nani?

## Hadithi ya waya

Ajali yenyewe siielezi sana. Mdogo wangu ni mkwezi, Pangani, na watu wa pwani mnajua mnazi ulionyeshewa unakuwaje. Waliomuokota walimbeba kwa upendo, huyu mikono yule miguu, wakamkalisha kwenye bajaji katikati ya watu wawili wamshikilie asianguke. Nawashukuru mpaka leo. Ila tangu siku hiyo kila nikikutana na vijana nawaambia, mtu akianguka kutoka juu na analalamika mgongo au shingo, au anasema miguu haisikii, msimkalishe. Tafuteni mlango, ubao, chochote kilichonyooka, shingo na mgongo vibaki kwenye mstari mmoja, ageuzwe mzima mzima na watu kadhaa kwa pamoja. Pingili iliyovunjika ukiikunja inaweza kumalizia kilichobaki.

Hospitali daktari alichukua pamba na pini, akaanzia kifuani akawa anashuka nayo taratibu. "Hapa unasikia?" Nasikia. "Hapa?" Nasikia. Alipofika kitovuni akasema nasikia kidogo, chini ya hapo hamna kitu. Kumbe mwili una ramani. Ngozi ya usawa wa kitovu inahudumiwa na neva, yaani mshipa wa fahamu, ya 10 ya kifua, kwa hiyo daktari kwa pini tu alishajua pa kutafuta tatizo hata kabla picha hazijarudi.

Tukaelezwa vizuri, kwa lugha rahisi. Ubongo ndio unaoamuru, na ugwe mgongo, ile kamba laini inayopita ndani ya pingili, ni waya wa kupitisha amri. Waya umeumia. Amri haifiki miguuni, na habari za miguu hazifiki juu. Tukaelewa wote, hata bibi.

Sasa waya ukikatika taa inazimika, si ndiyo? Mbona hii imewaka?

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuka. Maana kama maelezo ya waya ni kweli tupu basi mguu usingecheza, na kama mguu umecheza basi ama waya umeunga, jambo ambalo mama mkubwa alikuwa ameshaanza kuliamini na kulitolea sadaka msikitini, ama kuna kitu kuhusu mgongo ambacho hatujaambiwa.

## Ufunguo kwenye unyayo

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja asubuhi moja, kijana mpole, hana haraka. Akamgonga chini ya goti kwa kinyundo chake, mguu ukaruka kwa nguvu kuliko hata wangu ungeruka. Mama mkubwa akatabasamu. Akachukua ufunguo, akakwaruza unyayo kwa pembeni kutoka kisiginoni kuelekea vidoleni, dole gumba likainuka juu na vidole vingine vikatanuka. Mama mkubwa akasema alhamdulillah.

Kisha yule kijana akamwambia mdogo wangu afumbe macho. Akamshika kidole cha mguu. "Nimeshika kipi?" Hajui. "Nakipeleka juu au chini?" Hajui. "Haya kisogeze mwenyewe." Nikaona mdogo wangu anakaza meno, jasho linamtoka kwenye paji la uso, mishipa ya shingo imesimama.

Kidole hakikusogea.

Alipomaliza tukakaa barazani, mi na yeye, akanieleza. Sehemu ya ugwe mgongo iliyo chini ya jeraha haijafa. Iko hai, ina seli zake, ina damu yake, inapokea habari kutoka kwenye ngozi na misuli ya miguu na inazijibu. Kinachokosekana ni mawasiliano na juu. Kwa hiyo mama alipomgeuza, shuka lilipovuta ngozi, habari ilifika mgongoni, mgongo ukatoa jibu palepale, kunja mguu. Ubongo haukushirikishwa, wala haukujua mpaka macho yalipouona mguu ukipanda.

Nikamuuliza mbona wiki za mwanzo miguu ilikuwa imelegea kabisa. Akasema ndivyo inavyokuwa, ugwe mgongo ukipata kishindo kikubwa sehemu ya chini inanyamaza kabisa kwa siku au wiki kadhaa, halafu inaamka. Na inapoamka inaamka bila mtu wa kuituliza. Akasema nyumba nyingi anazopita hiyo ndiyo siku ya vigelegele.

Mi naona hapo pazito. Siku ile ile familia inayodhani mgonjwa anarudi, kwa daktari inaweza kuwa dalili tu kwamba ile hatua ya mwanzo imepita na sasa tunaona jeraha lenyewe.

## Kuku wa sikukuu

Ukifikiria vizuri tulishaliona hili tangu utotoni. Kuku amechinjwa, kichwa kiko kule, mwili unarukaruka uani unapiga mbawa na miguu inakimbia, na sisi watoto tunakimbia tukipiga kelele. Nani alikuwa anaendesha ile miguu? Ubongo uko kwenye kichwa, na kichwa kiko kwenye sahani.

Wanasayansi walilichimba hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kwamba mbwa ambaye ugwe mgongo wake umetenganishwa na ubongo bado anaweza kujikuna, ukimtekenya ubavuni mguu wa nyuma unakuja kukuna, kwa mpigo uleule wa kawaida. Mwaka 1911 mwenzake Thomas Graham Brown akaonyesha kwamba hata mwendo wa hatua, kushoto kulia kushoto kulia, mpangilio wake unaweza kutengenezwa ndani ya ugwe mgongo wa paka bila ubongo kuhesabu. Nilisoma majaribio hayo usiku, na kwa kweli mengine hayasomeki kirahisi ukiwaza wale wanyama, lakini kila niliposoma nilikuwa naona ule mguu unapanda.

Kitu chenyewe ni kidogo sana jamani. Urefu wa sentimita 45 hivi, unene haupiti sana kidole kidogo cha mkono, uzito gramu 35 au karibu na hapo, ukilinganisha na ubongo wenye kilo 1.4. Kutoka hapo zinatoka jozi 31 za neva. Ukigusa sufuria ya moto mkono unatoka kabla hujasema "aa", kwa sababu jibu limetolewa mgongoni, ubongo unaletewa taarifa baadaye ya kitu kilichokwisha fanyika.

Na jambo lililonishangaza zaidi ni hili, sehemu muhimu ya kinachoshushwa na ubongo kwenda mgongoni ni kutuliza. Si kuamuru fanya tu, ni kusema pia ngoja, acha, punguza. Kizuizi hicho kikiondoka miguu haibaki imelala, inakakamaa na kuruka kwa kuguswa kidogo tu. Lile dole gumba lililoinuka kwa ufunguo linaitwa alama ya Babinski, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1896. Kwa mtu mzima ni dalili kwamba njia ya kutoka ubongoni imeumia. Kwa mtoto mchanga ni kawaida kabisa, kwa sababu njia hiyo bado haijakomaa. Mdogo wangu ana binti wa miezi michache. Nilimkwaruza unyayo kwa ukucha, dole likainuka vilevile kama la baba yake. Lake litabadilika akikua.

## Mguu wa mjomba

Kuna mtu mwingine kwenye nyumba yetu asiyetumia mguu wake, na sikuwahi kuwaweka kwenye wazo moja mpaka mwezi huu.

Mjomba alipata polio akiwa mdogo, enzi ambazo chanjo haikuwa imefika vijijini kwao. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba, umelegea, ukiubonyeza hauna ubishi. Anatembelea fimbo. Lakini ukimgusa anasikia, mbu akimuuma pale anamuua. Mdogo wangu kinyume chake kila kitu, mguu umekaza, unaruka, misuli bado ina mwili, lakini hata ukimwagia maji ya moto hatajua.

Watu wawili hawautumii mguu, na sababu zao zimepishana kabisa. Virusi vya polio huua seli zilizo ndani ya ugwe mgongo wenyewe, zile zinazoambia misuli jikaze. Zikifa, hakuna wa kuuchezesha mguu tena, si ubongo si mgongo. Ubongo wa mjomba unaamuru mpaka leo, amri inashuka vizuri, inafika inakuta hakuna mtu. Kwa mdogo wangu wa kupokea amri wapo wote, wanasubiri, amri ndiyo haifiki.

Na wapo wenye shida ya tatu. Miaka ya 1980 kule Tarime, kama ilivyotokea Kongo na Msumbiji, watu walikumbwa na ugonjwa uitwao konzo wakati wa njaa, walipokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ile sumu yake ikaharibu seli za njia inayotoka ubongoni. Miguu ikakakamaa ghafla, wakawa wanatembea kwa ncha za vidole au hawatembei kabisa. Mgongo haukuvunjika popote, lakini ukiwaona miguu ile ni ndugu wa mguu wa mdogo wangu, si wa mjomba.

Nilimweleza mjomba haya. Akaukandakanda mguu wake kimya. Akauliza, "Kwa hiyo wa kwake bado uko hai kuliko wangu?" Nikamwambia ndiyo, kwa namna hiyo ndiyo. Akasema basi asikate tamaa mapema.

## Kumwambia mama mkubwa

Hapa ndipo niliposita sana. Kulikuwa na sauti ndani yangu inasema muache na furaha yake, inamsaidia kuamka saa nane usiku kumgeuza mtoto wa miaka 26. Sauti nyingine ikawa inasema akija kugundua mwenyewe itakuwaje, na je akianza kumlazimisha, "jikaze, juzi si ulicheza, unafanya uvivu"? Maana hiyo ilishaanza. Nilimsikia. Mdogo wangu aligeukia ukutani.

Hiyo ndiyo iliyoniamulia.

Kliniki daktari alikuwa ameshampima kipimo kimoja ambacho wengi hatukijui na wengine wanakionea aibu, anagusa ngozi ya kuzunguka njia ya haja kubwa na kumuuliza kama anasikia na kama anaweza kubana. Neva za pale zinatoka mwisho kabisa wa ugwe mgongo, hivyo akisikia hata kidogo maana yake kuna nyuzi zimepita salama kwenye jeraha, na matumaini ya kurudisha nguvu yanakuwa makubwa zaidi. Mdogo wangu hakusikia. Daktari akasema watarudia kupima, si neno la mwisho, lakini hakutudanganya.

Nikamwambia mama mkubwa usiku, tumekaa kwenye mkeka, taa imezimwa ili tusitazamane. Nikaeleza kila kitu, mpaka kuku. Hakulia. Alinyamaza halafu akauliza, "Kwa hiyo anayeuchezesha ni mgongo wake?" Ndiyo. "Mgongo si wake?" Ni wake. "Basi ni yeye."

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nalizungusha kichwani. Mi nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu anakaa juu, kichwani, na huku chini ni vyombo vya kutumia. Yeye hakubali. Anasema mwanawe anaanzia utosini mpaka kwenye ukucha wa mguu, asikie asisikie. Na nikizingatia kwamba gramu 35 hizo zinapokea habari, zinazichambua na kutoa jibu linalofaa, siwezi kusema amekosea.

## Mguu ukizidi, kagua

Wiki kadhaa baadaye miguu ikaanza kurukaruka kupita kiasi. Mpaka usiku inamsukuma kitandani. Wengine nyumbani wakasema sasa anapona kweli.

Muuguzi aliyekuja kubadilisha mpira wa mkojo akaangalia akauliza swali moja tu, "Imezidi tangu lini?" Akakagua mpira, akakuta mkojo mzito, una harufu. Maambukizi. Akatueleza kwamba kitu chochote kinachosumbua chini ya jeraha, kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda kinachoanza, ukucha ulioota vibaya, hata mkunjo wa shuka au kiatu kilichobana, mgonjwa hawezi kukisikia lakini ugwe mgongo unakisikia, na unakijibu kwa njia pekee uliyonayo. Alipopata dawa miguu ikatulia.

Kwa hiyo sasa nyumbani tumejua. Miguu ikizidi hatupigi vigelegele wala hatulii, tunakagua. Mpira, tumbo, visigino, makalio, shuka. Mara ya pili ilikuwa ni wekundu kwenye kisigino, ambao tuliuwahi kabla ngozi haijachanika.

Hivyo vitu vidogo ndivyo vinavyoua. Wamisri wa kale waliandika kwenye mafunjo, yale yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yana miaka kama 3,600, habari za mtu aliyeteguka pingili ya shingo ambaye hana habari na mikono yake wala miguu yake na mkojo unamtoka bila kujua, na wakaandika kwamba huo ni ugonjwa usiotibiwa. Ikabaki hivyo karne na karne. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, siyo kwa jeraha lenyewe. Aliyegeuza mambo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, mwaka 1944 akapewa wodi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na silaha yake kubwa ilikuwa kuwageuza wagonjwa kila saa mbili, usiku na mchana, na kutunza kibofu. Kisha akawapa michezo. Mashindano aliyoanzisha pale mwaka 1948 ndiyo yaliyozaa Paralympics, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya kwanza ikafanyika Roma mwaka 1960.

Mama mkubwa hajawahi kusikia jina hilo. Lakini simu yake inaita kila saa mbili.

## Lausanne ni mbali

Mdogo wangu ana simu, na anatafuta. Akanionyesha video za Lausanne, Uswisi, kazi ya Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch. Mwaka 2018 walitangaza watu waliopooza wakipiga hatua tena baada ya kuwekewa kifaa cha umeme juu ya ugwe mgongo, chini ya jeraha, mmoja wao anaitwa David Mzee. Mwaka 2022 wakafuata watatu ambao walikuwa hawana hisia wala nguvu kabisa kwenye miguu, wa aina ya mdogo wangu, wakasimama na kupiga hatua, wameshikiliwa na mikanda na vishikio, kifaa kikiwa kimewashwa.

Kinachonigusa ni kwamba umeme ule hautengenezi mwendo kutoka hewani. Unaamsha ile mipangilio iliyomo tayari kwenye ugwe mgongo, ndugu yake ile aliyoiona Graham Brown kwa paka mwaka 1911. Ule mgongo uliouchezesha mguu siku ile ukatutoa machozi, ndio huohuo wanaozungumza nao.

Tulilizungumza kwa uwazi. Kifaa hicho hakipo kliniki yetu, na sitaki kumuuzia mtu ndoto. Lakini akisema anataka viungo vyake visikakamae na mifupa isidhoofike wakati anasubiri dunia isogee, nina sababu ya kumuunga mkono, na mazoezi hayo yana faida hata kama Lausanne haitafika Pangani.

## Kidonge

Juzi ilikuwa tarehe ya kliniki. Miguu bado inaruka, na daktari alishataja baklofeni, dawa ya kupunguza kukakamaa, inafanya kazi hukohuko kwenye ugwe mgongo. Mi na mama mkubwa tulifurahi, tukawaza usingizi.

Mdogo wangu akaomba kuuliza. Akasema siku hizi ameshajua pa kubonyeza, akijigusa paja kwa namna fulani mguu unanyooka na kukaza, na anautumia kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo bila kumwita mama. Akauliza hiyo dawa itaondoa yote?

Daktari akamwambia ikizidi, ndiyo, inaweza kulegeza mpaka nguvu hiyo, na kwamba wagonjwa wengine wanaihitaji ile hali kama yeye.

"Basi nipe ya kulala tu," akasema. "Ya mchana niachie."

Daktari akaandika dozi ndogo ya usiku. Tunarudi baada ya mwezi mmoja.